Gari la umeme: ukishajua ni AC au DC, bado hujajua kitu

Anayetaka kununua pikipiki au bajaji ya umeme, au kulitoa injini gari lake la petroli ili liendeshwe kwa betri, hukutana mapema na swali moja: mota iwe ya AC (umeme unaogeuka upande kila mara) au ya DC (umeme unaokwenda upande mmoja)? Wauzaji wana majibu mawili yaliyokwisha andaliwa. Mmoja atasema DC ndiyo yenye nguvu ya kuondokea, ni rahisi kueleweka, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Mwingine atasema AC ndiyo ya kisasa, haina cha kuchakaa, na kampuni kubwa zote zimekwenda huko. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, lakini wote wawili wanamwacha mnunuzi akikagua mahali pasipo na siri. Mashindano ya AC na DC barabarani yamekwisha, na kilichoyamaliza ni transista. Mota zenyewe zimebadilika kidogo sana tangu karne ya 19. Kwa hiyo macho ya mnunuzi, ya fundi na ya mpanga sera yanapaswa kuhamia kwenye kisanduku kinachokaa kati ya betri na mota, ambacho wengine hukiita kontrola na wengine inveta. Humo ndimo ubora wa chombo unamopatikana, na humo ndimo hasara zinamoanzia.

Ili kuona kwa nini, tuanze na mota mbili ambazo karibu kila mtu Afrika Mashariki amewahi kuzisikia zikifanya kazi. Ya kwanza ni stata ya gari. Hiyo ni mota ya DC. Umeme wa betri ya volti 12 hupita kwenye brashi za kaboni zinazokandamizwa kwa springi juu ya komuteta, silinda fupi iliyoundwa kwa vipande vya shaba vilivyotenganishwa kimoja kimoja. Rota inapozunguka, kila kipande hupisha kinachofuata chini ya brashi, na mkondo ndani ya koili hugeuka upande kwa wakati unaofaa ili msukumo uendelee kwenda upande uleule. Ya pili ni mota ya mashine ya kusaga unga. Hiyo ni ya AC, ya umeme wa njia tatu, na haina brashi hata moja. Seti tatu za koili zilizofungwa kwenye ganda lake hupokea mikondo mitatu inayopishana kwa theluthi ya mzunguko, na kupishana huko huzalisha uga wa sumaku unaozunguka. Rota, ambayo ni chuma chenye fito za alumini au shaba zilizounganishwa kwa pete kwenye ncha zote mbili, huufuata uga huo ikiwa nyuma yake kidogo. Gridi yetu ina mizunguko 50 kwa sekunde. Mota yenye ncha nne za sumaku hupata uga unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota huenda pungufu kidogo ya hapo kutwa nzima, mahindi yawe debe moja au magunia kumi.

Kwa nini DC ilitangulia

Hapo ndipo kitendawili cha magari kilipo. Mota ya mashine ya kusaga ni imara, ya bei nafuu, na hudumu miaka mingi kwa kubadilishwa beringi tu. Galileo Ferraris mjini Turin na Nikola Tesla nchini Marekani waliitangaza kanuni yake mwaka 1888, na muda mfupi baadaye Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akaijenga kwa umbo la njia tatu linalotumika hadi leo. Pamoja na hayo, magari ya umeme ya wakati ule hayakuigusa. Camille Jenatzy, Mbelgiji aliyekuwa wa kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la aina yoyote, mwaka 1899, alifanya hivyo kwa mota za DC. Detroit Electric, gari la umeme lililopendwa Marekani kabla ya petroli kutawala, lilikuwa la DC. Tramu za Frank Sprague zilizoanza kazi Richmond, Virginia, mwaka huohuo wa 1888, nazo zilikuwa za DC. Wahandisi hawa hawakuwa wajinga wa AC. Walikuwa na tatizo moja lisilo na dawa kwa zana za zama zao: mwendo wa mota ya AC umefungwa kwenye idadi ya mizunguko ya umeme unaoilisha. Mashine ya kusaga haihitaji kubadili mwendo, lakini gari huanza sifuri, hupanda mlima, husimama kwenye foleni, kisha huondoka tena. Na betri haina mzunguko wowote. Hutoa mkondo unaokwenda upande mmoja. Mota ya DC ilikubali hali hiyo bila kulalamika: ipunguzie volti, itapunguza mwendo, iongezee, itaongeza.

Ushahidi ulio wazi zaidi kwamba tatizo halikuwa mota unatoka Japani. Treni za kwanza za Shinkansen, mwaka 1964, zilipokea umeme wa AC kutoka kwenye waya wa juu ya reli. AC ilikuwepo tayari, tele, na bado wahandisi waliigeuza kuwa DC ndani ya behewa ili kulisha mota za DC zenye kilowati 185 kila moja, kwa sababu umeme wa waya ulikuwa na mizunguko isiyobadilika. Mwaka 1992, kwenye njia ileile na chini ya waya uleule, lilikuja toleo la 300 likiwa na mota za AC za kilowati 300 kila moja, ambazo zilikuwa nyepesi kuliko zile za kwanza. Waya haukubadilika, na kanuni ya mota haikubadilika. Kilichobadilika katika miaka hiyo 28 ni uwezo wa kutengeneza, ndani ya treni yenyewe, AC yenye mizunguko yoyote ambayo dereva anaitaka. Treni za umeme za SGR zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 zinafuata utaratibu huohuo: AC ya volti 25,000 kutoka juu hushushwa, hunyooshwa kuwa DC, kisha inveta huikatakata upya kuwa umeme wa njia tatu wenye kasi inayolingana na mwendo unaotakiwa.

Inveta hiyo, ukiiondolea vifuniko na mafeni, ina kiini chepesi kueleza: swichi sita za transista, mbili kwa kila waya unaokwenda kwenye mota. Zikifunguka na kufungika maelfu ya mara kwa sekunde kwa mpangilio maalumu, mkondo mnyoofu wa betri hutoka ukiwa mikondo mitatu inayopanda na kushuka. Dereva anapokanyaga pedeli, kompyuta ndogo huamua mikondo hiyo iwe mikubwa kiasi gani na izunguke upesi kiasi gani. Transista za kuhimili kazi hiyo kwa bei inayovumilika zilipopatikana, magari yalihama kwa haraka. General Motors walipotoa EV1 mwaka 1996 walitumia mota ya AC isiyo na sumaku, ndugu wa ile ya mashine ya kusaga. Tesla Roadster ya mwaka 2008 ilifanya vivyo hivyo. Reva, gari dogo la Bangalore lililouzwa London kwa jina la G-Wiz, lilianza na mota ya DC mwaka 2001, na mwaka 2007 likapewa ya AC. Ni vigumu kupata gari jipya la abiria la umeme leo linaloendeshwa kwa mota ya DC ya brashi.

Waya tano nyembamba

Sasa tazama kontrola ya pikipiki ya umeme ya kawaida, ile inayokaa chini ya kiti. Upande mmoja huingia waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kutoka kwenye betri. Upande wa pili hutoka waya tatu nene, mara nyingi za njano, kijani na buluu, zinazokwenda kwenye mota iliyo ndani ya gurudumu la nyuma. Pembeni yake kuna kishada cha waya tano nyembamba: mbili za kulisha vihisi, na tatu za kurudisha taarifa. Vihisi hivyo vitatu hukaa ndani ya mota na kazi yake ni moja tu, kuiambia kontrola sumaku za gurudumu zimefika wapi ili ijue ni waya upi kati ya zile tatu upelekewe mkondo, na kwa upande gani. Kwenye karatasi ya muuzaji mota hiyo imeandikwa kuwa ni ya DC isiyo na brashi. Lakini pima waya zile tatu nene pikipiki ikitembea, utakuta mkondo unageuka upande mara nyingi kila sekunde. Ikiondolewa kontrola na kuunganishwa moja kwa moja na betri, mota hiyo itatikisika mara moja na kukwama hapo.

Hali hiyo inaonyesha kwamba kwenye pikipiki nyingi tunazobishania, ubishi wenyewe hauna mahali pa kusimama. Kila mota inayozunguka inahitaji mkondo wa kugeuka ndani yake. Katika stata ya gari, kazi ya kugeuza hufanywa na shaba na kaboni vinavyosuguana. Katika pikipiki ya umeme, bajaji, basi na treni, kazi hiyo imehamishiwa kwenye transista. Hilo ndilo badiliko kubwa, na limekuja na gharama yake: sehemu iliyokuwa ikichakaa polepole mbele ya macho ya fundi imekwenda, na mahali pake imekuja sehemu isiyochakaa lakini ikifa hufa ghafla, bila kutoa moshi wa onyo wala sauti.

Hoja za watetezi wa DC

Watetezi wa mota ya brashi wana hoja zinazostahili kujibiwa kwa heshima. Ya kwanza husema betri ni ya DC, kwa hiyo kuugeuza umeme wake kuwa AC ni kupoteza nguvu bure. Ingekuwa kweli kama mota ya DC ingepokea umeme wa betri bila kupitia kitu chochote. Haiwezekani, labda kwa stata inayofanya kazi sekunde mbili. Gari la DC nalo linahitaji kontrola inayokatakata umeme kwa transista ili kupunguza mwendo, na upotevu wa hapo haupishani sana na ule wa inveta. Inveta nzuri hupitisha zaidi ya asilimia 95 ya umeme inaopokea. Baada ya hapo mota ya AC yenye sumaku hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme huo kuwa mwendo katika hali nzuri ya kazi, ilhali ya brashi huwa chini yake, kwa sababu sehemu ya nguvu huishia kwenye msuguano na joto la brashi. Ukijumlisha njia nzima kutoka betri hadi tairi, AC haipotezi; mara nyingi huokoa.

Hoja ya pili ni ya nguvu ya kuondokea, na ina mizizi. Katika mota ya DC ambayo koili za sumaku na za rota zimefuatana kwenye njia moja, mkondo mkubwa wa kuanzia huimarisha pande zote mbili kwa pamoja, na msukumo hupanda kwa kasi kuliko mkondo wenyewe. Ndiyo sababu ilitawala tramu na foklifti kwa muda mrefu. Lakini sifa hiyo ina upande wa pili. Mzigo ukiondolewa ghafla, mathalani mnyororo ukikatika, mota ya aina hiyo huendelea kuongeza mwendo hadi kujivunja. Na ikizuiliwa isizunguke huku umeme unaingia, kwa mfano gari likiwa limekwama kwenye tope, mkondo wote hupita kwenye vipande vichache vya shaba chini ya brashi, navyo huungua. Mota za AC za leo, zikiongozwa na inveta iliyotengenezwa vizuri, hutoa msukumo wao wote kuanzia mwendo wa sifuri. Roadster ya mwaka 2008, yenye mota ya ukoo wa mashine ya kusaga, ilitoka sifuri hadi kilomita 97 kwa saa kwa sekunde zisizofika nne. Mwenye kusema AC haina nguvu ya kuondokea anazungumzia AC ya kabla ya transista.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: bei na wepesi. Kontrola ya DC inaweza kufanya kazi kwa swichi moja kuu pale ambapo inveta inahitaji sita na kompyuta ya kuziongoza. Watu wengi waliobadili magari yao wenyewe huko Marekani na Ulaya walianza na mota za DC, nyingine zikiwa zimetolewa kwenye foklifti kuukuu, kwa sababu zilikuwa rahisi kupatikana na kueleweka. Kwa chombo kidogo cha ndani ya kiwanda, kinachotembea mwendo wa mtu kwenye sakafu tambarare, hesabu hiyo bado inaweza kusimama. Barabarani haisimami, kwa sababu mbili. Mota ya DC yenye koili zilizofuatana ni ngumu kuifanya irudishe umeme kwenye betri wakati wa kufunga breki, ilhali inveta hufanya hivyo kwa kubadili tu mpangilio wa swichi zilezile. Kwa gari linaloteremka Kitonga kutoka Iringa kuelekea Morogoro, uwezo huo ni umeme unaorudi na ni breki zisizochemka, mradi betri isiwe imejaa pomoni mlimani.

Sababu ya pili ni usalama, na haizungumzwi inavyostahili. Transista za nguvu zinapokufa, mara nyingi hufa zikiwa zimejifunga, yaani zinapitisha umeme bila kuzuilika. Katika kontrola ya DC maana yake ni betri yote kuingia kwenye mota kwa mkupuo: gari huruka mbele na pedeli haina tena amri. Ndiyo maana mfumo wa DC usio na swichi kubwa ya dharura na fyuzi iliyopimwa vizuri ni hatari kwa aliyemo na kwa aliye mbele yake. Katika inveta ya njia tatu, transista moja ikijifunga, uga wa sumaku hauwezi kuendelea kuzunguka. Mota hukwama au huburuta, na gari hupungua mwendo. Hilo nalo ni ajali ya kiufundi, na mwendo mkubwa huifanya iwe ya kuogopwa, lakini haliwi gari linalokimbia lenyewe kwenye kituo cha daladala.

Chaguo halisi liko ndani ya AC

Mtu anaweza kukubali yote hayo na bado akauliza: je, hatukimbii brashi na kuangukia sumaku? Swali ni la haki. Mota nyingi za magari ya sasa, kuanzia Toyota Prius ya mwaka 1997 na Nissan Leaf ya mwaka 2010, hutumia sumaku za neodimiamu, ambazo uchimbaji na hasa usafishaji wa madini yake umo mikononi mwa China kwa sehemu kubwa. Mwezi Aprili 2025 China ilipoweka masharti ya vibali kwa usafirishaji wa madini adimu kadhaa, yakiwemo yale yanayoongezwa kwenye sumaku ili zihimili joto, viwanda vya magari duniani vilihangaika. Lakini familia ya AC haina mtoto mmoja. Mota ya ukoo wa mashine ya kusaga haina sumaku za kudumu kabisa. Ni nzito kidogo na rota yake hupata joto zaidi, ila ikizimwa haiburuzi, na ndiyo maana magari mengine ya Tesla yenye mota mbili huiweka mbele kama msaidizi wa ile yenye sumaku. Renault Zoe na BMW iX3 ya mwaka 2020 zilichukua njia ya tatu: rota yenye koili zinazolishwa umeme kwa brashi ndogo zinazoteleza juu ya pete laini. Brashi zikarudi, safari hii zikipitisha mkondo mdogo usiogeuzwa, hivyo cheche na uchakavu ni kidogo. Kwa Tanzania suala hili si la mbali: mlima Ngualla mkoani Songwe una hazina ya madini hayohayo ya neodimiamu. Nchi yenye madini hayo inapaswa kuelewa ni mota gani inayoyahitaji na ni ipi inayoweza kuishi bila hayo, kabla ya kukaa mezani kuyauza.

Inabaki hoja ya mafundi. Inasemwa kwamba AC itawanyang'anya mafundi wetu riziki kwa kuwa wao wamezoea DC. Ukweli ni kwamba karibu kila mji mdogo una fundi wa kusuka upya waya za mota za mashine za kusaga na pampu za maji, na hizo ni mota za AC. Ujuzi wa koili, wa beringi na wa kupima kama waya imegusa ganda, wanao. Wasichokuwa nacho wengi wao ni njia ya kuingia kwenye kontrola: vifaa vya kusoma misimbo ya hitilafu, michoro ya saketi, vipuri vya transista, na mafunzo ya kukaa salama karibu na betri ya volti mia tatu na zaidi na kapasita zinazobaki na umeme hata gari likiwa limezimwa. Kontrola nyingi za bei ya chini humiminiwa gundi ngumu ndani, hazifunguki, na zikifa hutupwa. Hapo ndipo VETA na vyuo vingine vya ufundi, mashirika ya viwango kama TBS na KEBS, na watoaji wa mikopo ya bodaboda wana kazi ya kufanya. Sharti la vipuri na taarifa za matengenezo lingewasaidia wenye vyombo kuliko sifa yoyote inayoandikwa kwenye kibandiko cha mota.

Kwa mnunuzi, maana yake ni orodha tofauti ya maswali. Mota inatoa nguvu kiasi gani kwa saa nzima mfululizo? Wauzaji hupenda kutaja ile ya kilele, ambayo hudumu kwa muda mfupi tu. Kontrola imekingwaje dhidi ya maji, ikizingatiwa barabara zetu wakati wa masika? Je, inarudisha umeme kwenye betri wakati wa breki? Ikifa, mpya inapatikana nchini, kwa bei gani, na ndani ya siku ngapi? Kuna fundi asiye wa kampuni anayeweza kusoma hitilafu zake? Muuzaji anayeweza kujibu maswali hayo matano anauza chombo cha kazi. Asiyeweza, hata mota yake iwe bora kuliko zote, anauza chombo kitakachosimama siku transista ya kwanza itakapokufa, na deni la benki halitasimama nacho.